Hoteli Niliyomchagulia Bibi Harusi

Stempu zilikuwa za kijani, zimechorwa ufunguo, na gundi yake ilikuwa na ladha ya ndimu iliyokaa siku nyingi. Najua ladha hiyo kwa sababu nilizilamba kwa ulimi wangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa karibu miaka miwili.

Nilikuwa karani mpiga chapa katika kampuni ya kuagiza mabati na mashine za kusaga, kule Gikondo, bondeni mwa Kigali, kwenye magereji na maghala. Mwenye kampuni alikuwa Mgiriki aliyezaliwa Bujumbura, mtu wa miaka sitini hivi, ambaye Kiswahili alikijua kuliko Kigiriki, ingawa kilikuwa Kiswahili chake mwenyewe. Sote tulimwita Patro. Wageni wake walitoka Ulaya na Nairobi kuja kuuza mashine au kuzifunga, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kuwatafutia vyumba. Mwishoni mwa mwaka 1990 vita vilianza kaskazini, wageni wakapungua mjini, na kundi moja la hoteli likabuni njia ya kuwashika wateja wake wasihame. Kila usiku aliolala mgeni wetu, mapokezi walitupa stempu. Stempu zilibandikwa kwenye kijitabu. Kijitabu kikijaa, mwenye nacho alipewa siku tatu bure katika hoteli yoyote ya kundi lile, chumba pamoja na chai ya asubuhi.

Patro alinitupia kijitabu mezani.

“Weye shika hii,” alisema. “Iko mambo ya watoto. Siku itajaa, tutaona tumpe mfanyakazi gani.”

Yeye alisema “tutaona”. Mimi nilisikia “nitakupa”.

Sikukosa stempu hata moja. Mgeni akiondoka bila kuchukua zake, nilipanda mjini kuzidai. Vijana wa mapokezi walinizoea, wakanibatiza Mama Stempu, nami sikujali. Kijitabu nilikifungia kwenye droo yangu pamoja na kalamu nzuri na mtandio wa kuswalia.

Hapa Kigali hoteli za kundi lile zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya zamani, ghorofa nne, juu kabisa katikati ya mji, hatua chache kutoka posta, sokoni na benki. Ya pili ilikuwa mpya, nje huko, ukishapita Remera unaelekea uwanja wa ndege. Ile mpya ilikuwa na bwawa la kuogelea na bustani ambayo watu walikwenda kupigia picha. Ya zamani haikuwa na kitu ila mahali pake.

Mimi niliitaka ya zamani. Siku moja katika mwaka 1991 nilipeleka karatasi za kutia saini kwa fundi wetu mmoja aliyeshikwa na malaria. Alikuwa chumba cha kona, ghorofa ya tatu. Alipokuwa akisoma karatasi zake, mimi nilisimama dirishani. Kule ng’ambo, kwenye kilima chake, niliuona mtaa wetu wa Nyamirambo, mabati yenye kutu, mnara wa msikiti, moshi wa watu wanaopika. Mama yangu alikuwa mahali fulani chini ya moshi ule. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na sikuwahi kupaona kwetu kwa mbali namna ile, kimya, kama mahali pa watu wengine. Fundi ilibidi aniite mara mbili.

Lazima nieleze nilikuwa nikilala wapi. Niliachika nikiwa na miaka ishirini na tisa, nikarudi kwa baba. Baba alikuwa fundi cherehani, kama baba yake aliyekuja na wafanyabiashara kutoka pwani. Nyumba ilikuwa ndogo. Nililala na mabinti wawili wa kaka yangu, na cherehani ya pili ya baba ilikaa miguuni petu. Alfajiri aliingia kuichukua, akijikohoza mlangoni ili tujifunike. Tangu kuzaliwa kwangu sikuwahi kulala peke yangu chumbani hata usiku mmoja. Kwa wazazi, hapana. Kwa mume, hapana. Kwa hiyo mtu asidhani nilitaka anasa. Nilitaka siku tatu katika chumba cha kona, mlango umefungwa kwa ufunguo ulio mkononi mwangu, na asubuhi nishuke, nimiminiwe chai na mtu mwingine, kisha nitoke nje niwe tayari nimefika mjini bila kupanda wala kushuka. Na barazani nikae kidogo. Wake wa ndugu za aliyekuwa mume wangu walipita pale kila Jumamosi kwenda sokoni. Wanione.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo 1991 Patro alimwajiri msichana wa simu na mapokezi. Alitoka upande wa Butare, miaka ishirini na mitatu, amesoma kwa masista. Kiswahili alijifunzia hapa mjini, kwa hiyo kilikuwa na Kinyarwanda ndani yake: hoteli aliiita “hoteri”, na karibu kila kitu kwake kilikuwa “iko”. Mimi niliyezaliwa ndani ya lugha hii nilimrekebisha siku za kwanza, mbele ya watu. Hakuchukia. Alicheka, akasema, “Asante, Dada,” kisha akarudia kosa lilelile.

Nilimfundisha kazi yote. Nilimfundisha kupokea simu za Nairobi, kumwambia mdai kwamba Patro ametoka, kuandika bahasha. Baada ya miezi sita madereva waliokuwa wakija kwangu kwanza wakawa wanaanzia kwake. Mlinzi wetu wa ghala, mzee mkali ambaye hakuwahi kunipa zaidi ya salamu, alimletea maparachichi kutoka kwao. Patro, ambaye miaka sita yote hakuwahi kuniuliza habari za nyumbani, alijua jina la kila mdogo wa msichana huyu. Na alistahili kupendwa, hilo ndilo lililoniuma. Laiti angekuwa na kiburi ningepumzika. Nilimtafuta kasoro kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, kwa mikono miwili, na sikupata kitu.

Kijitabu kilijaa mwezi wa tisa, mwaka 1992. Nilibandika stempu ya mwisho saa nne asubuhi, nikaikandamiza kwa ngumi, nikaenda kwa Patro.

“Patro, kitabu kimejaa.”

“Vizuri sana,” alisema bila kuinua macho. “Lete.”

Nilimpa. Akakitia kwenye droo yake. Nilisubiri kidogo pale mlangoni, akaniuliza kama kuna jambo jingine, nikasema hapana. Hapo ndipo ningesema. Maneno machache tu, kwamba kitabu hiki nilikuwa nakitumainia. Lakini nililelewa kwamba mwanamke haombi anachoona ni haki yake. Anangoja apewe, na asipopewa anajua anavyohesabiwa.

Wiki mbili baadaye msichana alitangaza harusi. Mchumba wake alifanya kazi katika kampuni ya malori, kijana mtulivu mwenye miwani. Siku hiyo Patro alituita sote kwenye chumba cha mbele wakati wa chai, hata mlinzi, akasimama amebeba kijitabu changu mkononi.

“Huyu mtoto anaolewa,” alisema. “Mimi siko na mtoto mwanamke. Basi hii iko zawadi yangu. Siku tatu, hoteli nzuri, wewe na bwana yako, kama wazungu.”

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Msichana alikifungua kijitabu, akaangalia kurasa zilizonyooka, stempu zimepangwa bila hata moja kwenda upande, akaniangalia mimi. Alijua kazi ile ni ya nani. Alikuja akanikumbatia mbele ya wote, akasema sikioni, “Dada, Mungu akubariki.” Nywele zake zilinukia mafuta ya nazi. Mimi nilikuwa nimeuma meno hata taya likaniuma mpaka jioni.

Usiku ule sikumwambia mtu nyumbani. Wapwa zangu walilala, mmoja kanirushia mguu, na mimi nilimwona yule msichana katika chumba cha kona, amesimama dirishani kwangu, anaangalia mtaa wetu. Harusi yake sikuionea wivu sana, nilishaolewa na najua kilichomo. Lakini dirisha lile! Waswahili wana neno, kijiba cha roho. Nilikuwa nacho, na kilikuwa na uzito kabisa, hapa, chini ya titi la kushoto.

Kesho yake saa sita alivuta kiti karibu na mashine yangu.

“Dada, wewe unajua mji. Hizi hoteri mbili, nichague ipi?”

Sasa, kazi ya kuwachagulia watu hoteli niliifanya miaka mingi, na nilikuwa na swali langu moja. Sikuwa nikiuliza mgeni anataka kitanda gani. Nilimuuliza, ukitoka asubuhi unakwenda wapi? Jibu la swali hilo ndilo hoteli yenyewe. Kwa hiyo nilijua jibu lake kabla hajamaliza kusema. Kanisa lake lilikuwa mjini. Ukumbi wa sherehe ulikuwa mjini, mwendo wa dakika tano kwa mguu kutoka hoteli ya zamani. Bibi yake kutoka Butare, mwenye magoti mabovu, angefikia kwa masista waliokuwa jirani na kanisa, na asubuhi angeweza kwenda kumwona mjukuu wake polepole na fimbo yake. Tena siku zile vyama vya siasa vilikuwa vikiandamana kila mara, na vijana wao wakikasirika walifunga barabara, na barabara waliyopenda kuifunga kuliko zote ni ile ya kuelekea Remera. Hakuna mtu mwenye akili angemlaza bibi harusi ng’ambo ya barabara ile.

“Ya huko Remera,” nilisema.

“Si mbali?”

“Mbali nini, una gari la harusi. Kule kuna bustani. Mtapiga picha.”

“Na hii ya mjini? Bwana yangu anasema iko karibu na kila kitu.”

“Ya mjini ni ya wauza mashine,” nilisema. “Kelele za sokoni toka alfajiri. Na ina mende.”

“Mende!”

“Nimewaona mwenyewe. Hivi.” Nikamwonyesha kwa kidole gumba.

Alicheka, akajikunyata. “Basi Remera, Dada. Wewe umenisaidia.”

Barua ya kuomba chumba niliichapa mimi. Niliandika pia masharti, kwa sababu nilikuwa nayajua kwa moyo: mgeni asiyefika siku ya kwanza kabla ya saa mbili usiku hupoteza zile siku zote tatu, na kijitabu hakifai tena. Nilichapa mstari ule bila kosa hata moja. Patro akatia saini.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha na kuacha. Nilikwenda na baba, aliyewashonea suti wazazi wa pande zote mbili. Misa sikuingia, nilingoja nje na Waislamu wenzangu wachache, halafu tukaenda ukumbini. Palikuwa na mishikaki, ndizi na soda, na watu walitoa hotuba ndefu, maana kwa Wanyarwanda hotuba ndiyo harusi. Yeye alivaa gauni jeupe la kukodi lililombana kidogo mikononi. Alikuwa mzuri kiasi cha kumfanya mtu mwenye roho kama yangu aangalie sahani yake.

Kwenye saa kumi jioni alikuja dereva wetu mmoja akanong’ona mezani kwetu kwamba vijana wa vyama wamefunga barabara ya Remera kwa mawe na matairi. Hakukuwa na mapigano, alisema, ila hakuna gari linalopita. Meza yetu ilikuwa pembeni, mbele hawakusikia. Maharusi walikuwa wameanza kuaga. Nilimwona msichana akimbusu bibi yake, akipokea shada lake, akinitafuta kwa macho hata akaniona. Alinipungia mkono.

Kutoka mezani kwangu mpaka mlangoni palikuwa hatua ishirini hivi. Ningeweza kuwafikia nikitembea tu. Nilimpungia mkono na mimi, nikabaki nimekaa.

Jumatatu nilifika kazini mapema. Nilipofungua chumba cha mbele nilikuta makochi mawili ya wageni yamesogezwa yakaunganishwa, na juu yake koti la mvua la mlinzi limekunjwa vizuri. Sakafuni palikuwa na matope yaliyofutwa nusunusu. Nikamuuliza mlinzi. Yule mzee mkali alitabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

“Tulikuwa na wageni,” alisema.

Msichana hakutakiwa kuja kazini wiki ile, lakini alikuja, saa tano, amevaa gauni la kawaida na viatu vya mtu mwingine, na akasimulia mwenyewe. Walipokuta barabara imefungwa, mumewe alijaribu kuzunguka kwa Gikondo ili watokee Kicukiro. Bondeni, kwenye tope la mvua, gari lilizama mpaka milangoni. Wakashuka. Akavua viatu, akakusanya gauni kiunoni, mumewe akabeba shada na masanduku, na wapita njia wakawa wanawapigia vigelegele pande zote za barabara. Mama mmoja wa genge aliwapa ndizi choma. Kiza kilikuwa kinaingia na mvua imerudi, na mahali pekee alipopajua jirani ni ghala letu. Mlinzi akawafungulia. Akawasha jiko lake la mkaa ndani, kati ya mabati, akawachemshia chai ya maziwa, akawapa koti lake, naye akaenda kukaa getini mpaka asubuhi ili wasisumbuliwe.

“Mvua inapiga bati la juu, na chini iko mabati mengine yanaitikia,” alisema. “Hatukulala. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Dada, sijaona harusi nzuri kama ile.”

Ofisi nzima ilikuwa imemzunguka. Patro alifuta machozi ya kicheko. Dereva alisema hadithi ile itafika mpaka Goma. Nami nilisimama nyuma, karibu na kabati la faili, na nilichohisi hakikuwa toba. Ningependa kuandika kwamba kilikuwa toba. Kilikuwa wivu mpya, mkali kuliko wa kwanza. Nilikuwa nimemchagulia msiba kwa mkono wangu, na msiba ulipomfikia ukageuka kuwa utamu. Na utamu wenyewe ulitokea mahali nilipofanya kazi miaka sita, ambapo mimi sikuwahi kupewa hata kikombe cha chai na mlinzi yule.

Hoteli ya Remera haikutaka kusikia habari za matope. Siku zote tatu zilipotea, kama barua ilivyosema. Aliponiambia hilo alinishika mkono. “Pole, Dada. Stempu zako zote.” Alikuwa ananipa pole mimi.

Ijumaa ya wiki ile alirudi wakati wa chakula cha mchana. Wengine walikuwa nje. Alifunga mlango, na safari hii hakuvuta kiti.

“Dada, naomba nikuulize kitu.”

“Uliza.”

“Mende wa ile hoteri ya mjini, uliwaona lini?”

Mashine yangu ilikuwa na karatasi ndani. Nikaangalia karatasi.

“Bwana yangu analaza wageni wao pale miaka minne,” alisema. “Anakula pale kila mwisho wa mwezi. Anasema hakuna hoteri safi kama ile mjini. Nikamwambia labda walikuwa zamani. Uliwaona zamani?”

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amenipa mlango mwenyewe na kuushikilia wazi. Sijui hata leo kwa nini sikupita. Labda nilikuwa nimechoka kubeba kile kijiba.

“Sikuwaona,” nilisema. “Hakuna mende.”

“Basi kwa nini?”

“Kuna chumba pale nilikitaka mimi. Sikutaka ulale wewe.”

Nje dereva alikuwa akijaribu kuwasha lori, likakataa, akajaribu tena.

“Kitabu nilipewa mimi,” alisema polepole. “Ungelala vipi kwenye chumba hicho, na kitabu nilikuwa nacho mimi?”

“Nisingelala. Ila na wewe pia usingelala.”

“Ungeniambia tu. Zilikuwa siku tatu. Mimi na bwana yangu, moja ingetutosha. Mbili ungechukua wewe.”

Nilijua anasema kweli. Ndivyo alivyokuwa. Kisha akaniuliza lile nililokuwa nikiliogopa.

“Na barabara? Ile Jumamosi, ulijua imefungwa?”

“Nilijua.”

“Kabla hatujatoka?”

“Kabla hamjatoka.”

Hapo ndipo macho yake yalipojaa. Uongo wa mende angeweza kunisamehe. Nadhani alikuwa ameshanisamehe. Lakini siku zile barabara iliyofungwa halikuwa jambo la mzaha, na yeye alikuwa amevaa nyeupe, na mumewe alikuwa mtu ambaye asingeweza kumwacha na kukimbia. Wangeweza kukutana na watu wengine, badala ya mama wa ndizi choma. Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nililifikiria pale mezani, mbele yake, kwa mara ya kwanza.

“Sawa, Madamu,” alisema, akafungua mlango.

Tangu siku ile hakuniita Dada tena. Hakunisema kwa mtu. Patro hakujua, wenzetu hawakujua. Aliniamkia kila asubuhi, alinipa simu zangu, alinisaidia karatasi ziliponizidi. Madamu asubuhi, Madamu jioni. Kuna watu wangeona hiyo ni heshima.

Nilijaribu kurekebisha. Nilianza kijitabu kingine, nikaapa kwamba hiki nitampa yeye mbele ya wote na nitamwandikia barua ya hoteli ya mjini, chumba cha kona. Lakini mwaka 1993 wageni walikuwa wachache mno. Wazungu waliogopa, mafundi waliahirisha safari, na stempu hazikufika hata ukurasa wa tatu. Mwezi wa pili, 1994, kampuni ya malori ilimhamishia mumewe Dar es Salaam, bandarini, na yeye akaacha kazi. Nilimwomba baba amshonee gauni la kitenge. Baba alishona kola mara mbili kwa sababu nilisema ya kwanza haikukaa vizuri. Siku ya kuaga nilimkabidhi, alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akasema, “Asante, Madamu.” Nilimsindikiza mpaka getini. Alimkumbatia mlinzi kwa muda mrefu.

Mwezi wa nne ukaja. Yaliyotupata sitayaweka humu, hayakai pamoja na mambo ya stempu na hoteli. Nitasema tu kwamba mlinzi aliuawa kwenye geti lilelile, na kwamba baba yangu alificha watu chini ya vitambaa vyake na wengine walipona na wengine hawakupona. Ofisini tulikuwa tisa. Mwezi wa tisa Patro aliporudi kufungua ghala, tulikuja wanne.

Mji ulikuwa na watu wapya, Wanyarwanda waliokulia Uganda na Tanzania, na kwa mara ya kwanza nilisikia Kiswahili changu kikisemwa kwa sauti katikati ya mji. Walijenga, walifungua maduka Gisimenti na sokoni, walitaka mabati kuliko tulivyoweza kuagiza. Malori yalianza kuja kutoka Dar. Desemba ilipofika dereva mmoja Mtanzania alituletea shehena yetu ya pili, na kwenye karatasi zake nikaona mhuri wa kampuni ya yule kijana mwenye miwani.

Nikamuuliza. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, nikianzia kwa mume.

“Nawajua sana,” alisema dereva. “Mkewe anakaa pale ofisini kwetu, kwenye simu. Wamepata mtoto wa kike juzijuzi. Mama mcheshi yule! Ametusimulia harusi yake, ati walilala ghalani na mabati. Ni ghala hili?”

“Ni hili.”

“Tulicheka siku nzima.”

Nilishukuru Mungu, kwanza kabisa. Nataka hilo lijulikane, kwamba lilikuja kwanza. Alikuwa hai, ana mtoto, na alikuwa hayupo hapa mwezi wa nne. Kisha nikauliza, “Alisema ni nani aliyewachagulia hoteli kule mbali?”

Dereva alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, alifikiri kweli.

“Hapana. Alisema barabara ilifungwa tu, na mvua ikanyesha.”

“Hakutaja mtu wa ofisini?”

“Alimtaja mlinzi. Kila mara anamtaja mlinzi. Nimsalimie nikirudi? Niseme nani?”

Kile kitu cha chini ya titi la kushoto kikasogea. Nilimwonea wivu mzee aliyekufa. Ndiyo, ni mimi huyu ninayeandika, na sijui kuiandika namna nyingine. Nilimwambia dereva asimpe salamu, ila ampe habari za mlinzi, maana ilionekana hajazipata, na amwambie taratibu, mumewe akiwepo. Akaahidi. Nikazitia saini karatasi zake, nikatoka naye uani kumwonyesha pa kushushia.